Uji wa mabahari na sangara wa Newala: wanafunzi wetu wanaiba, au ndivyo tulivyowafundisha?

#1 Mkufunzi Kusini

Wakuu, salaam.

Ni mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu huku Mtwara, jina la chuo tuliache. Wiki hii nasahihisha ripoti za BTP, yaani mazoezi ya kufundisha. Ziko 46 mezani. Juzi usiku umeme umekatika, nasoma kwa tochi ya simu, nikafika kwenye ripoti ya binti aliyepangwa shule moja ya msingi Newala. Anaandika: "Wazazi wengi wa eneo hili hujishughulisha na uvuvi wa sangara na dagaa, jambo linalochangia utoro." Newala! Juu kule kwenye uwanda, ambako mtoto akitoroka shule ujue katumwa ndoo ya maji.

Nikacheka peke yangu, nikaiweka pembeni. Mbele kidogo nikakutana na ya kijana aliyekuwa Kilwa. Huyu mjanja zaidi. Kila palipokuwa na neno "ziwa" kaiamuru kompyuta iweke "bahari". Kompyuta haina hiyana, imebadilisha zote. Kwa hiyo katika shule hiyo "wanafunzi wa darasa la awali hupewa uji wa mabahari", na "walimu wanaonyonyesha wamepungubahari vipindi".

Kuzilinganisha, ni ripoti moja. Aya kwa aya. Na zote mbili zina mstari ambao hata sijui umetoka wapi: "baadhi ya wazazi ni vibarua katika mashamba ya mkonge."

Sihitaji kuambiwa adhabu, kanuni za chuo zipo. Ninachouliza ni hiki. Hawa watoto walikwenda vituoni kweli. Niliwakagua mwenyewe, yule binti nilimkuta chaki mkononi, darasa limejaa mpaka mlangoni. Mtu ana yake ya kusimulia, kayaona kwa macho yake, anayaacha, anakwenda kuiba ya mtu aliyekaa kando ya ziwa. Kinachomtuma ni nini?

#2 Nipo Ligula

Wamepungubahari 😂😂 nimecheka mpaka mtoto kaamka. Nakaa kiti cha mbele.

#3 Babu Chaki

Mwanangu #1, kabla hamjaisingizia intaneti, niseme. Mimi nilisoma ualimu miaka ya 70, hakuna hata simu ya mezani hapo chuoni, na tulikuwa tunakopi. Kulikuwa na daftari la maandalio ya somo lililotoka kwa waliotutangulia, jalada lake limeshonwa kwa uzi wa gunia. Linazunguka bweni zima. Kila mtu analala nalo usiku mmoja.

Tofauti ni kwamba sisi tulinakili kwa mkono. Ukiandika kurasa 30 kwa kalamu ya wino, upende usipende, kitu kinabaki kichwani. Na ukifika kwenye sangara, mkono wenyewe unakataa kuandika. Vidole vya siku hizi havisomi kinachopita.

#4 Bint Mikindani

Shikamoo Babu Chaki. Lakini babu, hapo umekiri wizi kisha umeusifia.

#5 Babu Chaki

Marahaba mjukuu wangu. Nimekiri, ndiyo. Pensheni nimeshaanza kula, watanifanya nini?

#6 Steshenari Stendi

Nina steshenari, sisemi mtaa gani. Niwaeleze mambo yanavyokwenda, maana mnaongelea intaneti wakati hizo ripoti wala hazitoki intaneti.

Mwanafunzi analeta flashi aprinti. Flashi yenyewe ina virusi, kwa hiyo kwanza nahamishia faili kwenye mashine yangu. Naprinti, nabana, anaondoka. Faili linabaki. Baada ya miaka minne nina folda imeandikwa RIPOTI, ndani yake kuna za BTP, za fildi, za afya, za uhasibu, hadi za kilimo. Sikuzikusanya kwa nia mbaya, zimejikusanya tu.

Mwaka uliofuata anakuja mwingine: "Kaka, huna sampuli nione zinavyokaa?" Nampa. Anakaa pale kwenye kiti, anabadili jina la shule, jina la mkuu wa shule na tarehe. Saa moja hivi. Kisha analipia kuprinti, shilingi 100 kwa ukurasa, na jalada gumu. Sijawahi kuuza ripoti. Nauza karatasi na wino.

Hiyo ya ziwa inawezekana imeletwa na mtu aliyehamia kutoka Kanda ya Ziwa, ikaingia kwenye folda ya mtu kama mimi.

#7 Bint Mikindani

"Zimejikusanya tu." Kaka yangu, wewe ndiye ghala lenyewe la magendo.

#8 Steshenari Stendi

Dada, mwenye mashine ya kusaga haulizi mahindi umeyatoa shamba la nani.

#9 Mzee wa Vifungu

Hiyo ni kesi ya hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7 ya mwaka 1999 iko wazi. Steshenari, COSOTA, wale wasimamizi wa hakimiliki, wakikufuata usije kulia humu.

#10 Doto Mhadhiri

Mzee wa Vifungu, umechanganya vitu viwili. Hakimiliki inalinda mali ya mwandishi. Wizi wa kitaaluma ni kumdanganya msomaji kwamba kazi ni yako. Unaweza kufanya mmoja bila mwingine. Ukichukua maandishi ya mtu aliyekufa miaka 200 iliyopita, hakimiliki haipo tena, ila ukiyaweka kwenye tasnifu kama yako bado umeiba. Na hata mwenye ripoti akikupa ruhusa kwa moyo mweupe, chuoni bado ni kosa.

Neno lenyewe la wazungu lina historia nzuri. Martial, mshairi wa Roma wa karne ya 1, alimkuta mtu anasoma hadharani mashairi ya Martial kana kwamba kayatunga yeye. Akamwita plagiarius, yaani mteka watu. Kwake mashairi yalikuwa kama watoto wa nyumbani waliotekwa.

#11 Nipo Ligula

Sasa huyu wa Newala kateka mtoto wa Mwanza kamvalisha kaniki ya Kimakonde, akasahau kumfundisha kuongea.

#12 Chuma Ulete

Suluhisho ni moja tu: Turnitin. Kila chuo kifunge Turnitin, mwizi anakamatwa hapo hapo.

#13 Doto Mhadhiri

Natumia Turnitin karibu kila wiki, naomba tuelewane. Haikamati mwizi. Inaonyesha maneno yanayofanana na yaliyomo kwenye hazina yake, na inatoa asilimia. Nimeona kazi safi yenye asilimia 30 kwa sababu mtu kanukuu vizuri na marejeo yake ni yale yale ya kila mtu. Nimeona pia kazi ya wizi yenye asilimia 4, kwa sababu imetafsiriwa kutoka lugha nyingine. Kuamua ni kazi ya binadamu aliyesoma.

Kwa suala la #1 isingesaidia chochote. Ripoti ya Kiswahili, haijawahi kupandishwa mtandaoni, imelala kwenye folda ya Steshenari. Mashine ingeilinganisha na nini? Aliyemkamata huyu binti ni mwalimu anayejua kwamba Newala hakuna sangara.

#14 Kijana wa Chuno

Mnazungumza sana lakini hamjataja kitu kikubwa. Lugha. Mimi niko chuo kikuu mwaka wa pili. Msingi nilisoma Kiswahili darasa la kwanza hadi la saba, kidato cha kwanza nikaamkia Kiingereza kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini. Miaka minne nilikuwa nakariri sentensi nzima nzima za daftari kwa sababu nikiigeuza naiharibu, na nikiiharibu nakosa alama. Anayekariri neno kwa neno ndiye alipewa zawadi siku ya mahafali.

Leo nimefika chuo naambiwa "andika kwa maneno yako mwenyewe". Maneno yangu mwenyewe ni ya Kiswahili, na hayo hamyataki.

#15 Bint Mikindani

Kijana wa Chuno umenigusa, ila ripoti za #1 ni za Kiswahili. Sasa hapo lugha inaingiaje?

#16 Kijana wa Chuno

Mazoea dada. Miaka minne ya kukariri haiishi siku lugha ikibadilika.

#17 Maalim wa Pwani

Assalaam alaykum. Nimesoma nyuma, kuna mtu atakuja kusema ni kosa la madrasa kwa sababu tunakaririsha. Nimjibu kabla hajaja.

Kukariri si kuiba. Kwetu mtoto anahifadhi neno kwa neno kwa sababu hana ruhusa ya kubadilisha, na kila mtu anajua maneno si yake. Na hadithi ya Mtume haipokelewi bila sanadi: fulani kasikia kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka mwisho. Mnyororo ukikatika pete moja, wanazuoni wanaitilia shaka. Huo ndio urejeleaji, na una zaidi ya miaka elfu. Hawa watoto wamepita madrasa kwetu asubuhi na shuleni kwenu mchana. Mimi nawafundisha kutaja aliyesema. Huko kwenu nani aliwaambia waache kutaja?

#18 Nipo Ligula

Maalim kapiga penalti bila golikipa.

#19 Mpingo Mweusi

Mimi ni mchongaji. Kwetu mwanafunzi anaiga, hakuna njia nyingine. Mwaka wa kwanza nilikuwa nachonga kichwa kile kile alichochonga fundi, yeye wa kwake kushoto, mimi wa kwangu kulia. Nikikosea shavu ananinyang'anya tezo.

Lakini sikilizeni. Mitindo yote mnayoiona ina mwenyewe. Mtindo wa shetani ulianzishwa na Samaki Likankoa miaka ya 1950, na baada yake karibu kila mchongaji wa Kimakonde kachonga shetani. Hatumwiti mwizi, kwa sababu kila anayeanza anaambiwa hii njia ni ya Samaki. Na shetani wangu hafanani na wake, maana gogo langu lina fundo mahali pake. Mpingo haukubali kukopiwa. Ukilazimisha umbo la jana kwenye gogo la leo, linapasuka.

Kwa hiyo huyo binti kosa lake si kuiga. Kosa hakutazama gogo.

#20 Chuma Ulete

Hii tabia ni ya nchi maskini. Kwa wenzetu huwezi kuona. Rais wa Ujerumani alijiuzulu kwa kukopi tasnifu yake ya udaktari!

#21 Doto Mhadhiri

Si rais. Ni Karl-Theodor zu Guttenberg, alikuwa waziri wa ulinzi, akajiuzulu Machi 2011. Rais ni wa Hungaria, Pál Schmitt, aliyeondoka Aprili 2012. Na waziri wa elimu wa Ujerumani, Annette Schavan, akafuata Februari 2013. Waziri wa elimu, fikiria.

Kwa hiyo mfano wako unapinga hoja yako mwenyewe, ndugu. Wanaiba huko pia, tena wanafika baraza la mawaziri. Kilichonivutia kwa Guttenberg ni kwamba waliomkamata walikuwa watu wa kawaida waliogawana kurasa mtandaoni, huyu anachambua hii, yule ile. Intaneti inayosaidia kuiba ndiyo iliyofichua.

#22 Mwera Halisi

Wajerumani tena? Hao hao waliobeba mijusi yetu ya Tendaguru, yaani dinosaria? Lindi nzima tunawadai. 1909 hadi 1913 mababu zetu wanabeba mifupa kichwani kutoka porini mpaka bandari ya Lindi, leo mjusi kasimama Berlin watu wanalipa kiingilio.

#23 Nipo Ligula

Mkuu, angalau walitaja chanzo. Mpaka leo kwenye vitabu vyao wanaandika "Tendaguru". Huyu wa Newala hakuandika hata "Ukerewe".

#24 Mwera Halisi

😂 Nimekubali. Ila ngoja nikupe nyingine. Msimamizi wa wachimbaji pale Tendaguru alikuwa mtu wa huku, Boheti bin Amrani. Ndiye aliyekuwa anayasafisha na kuyafunga mafupa, kazi ya ustadi hasa. Majina ya mijusi wakapewa maprofesa wa Ulaya. Ilipofika 2007 ndipo mtaalamu mmoja akampa mjusi jina la Australodocus bohetii, kumkumbuka Boheti. Karibu miaka 100 baadaye. Sasa huo nao tuuite nini, kama si kutumia kazi ya mtu bila kumtaja?

#25 Babu Chaki

Hilo la Boheti sikulijua, na nimefundisha historia miaka 31. Ahsante mwanangu.

#26 Dogo Bando

Wazee, kuna kitu hamjui. Kufungua folda ya steshenari na kubadilisha ziwa kuwa bahari ni mambo ya mwaka 47. Sisi tunatumia ChatGPT. Unaiambia "niandikie ripoti ya mazoezi ya kufundisha, shule iko Newala", inamwaga. Hakuna sangara.

#27 Mkufunzi Kusini

Dogo, unadhani sijazipata? Kati ya hizo 46 ninazo kama tisa ambazo nazishuku. Moja inasema "Newala ni eneo lenye mandhari ya kuvutia na jamii yenye ukarimu na mshikamano". Kweli hamna sangara. Hamna na Newala. Hamna korosho, hamna mnada, hamna vumbi jekundu, hamna mtoto anayesinzia saa nne kwa sababu kaamka usiku kwenda kuchota maji. Niongeze la kuwashangaza: ile ya sangara niliipenda zaidi. Angalau kuna mtu mahali fulani aliwahi kuliona lile ziwa.

#28 Chuma Ulete

Turnitin wana kigunduzi cha ChatGPT tangu 2023.

#29 Kijana wa Chuno

Hivyo vigunduzi ndivyo vinatuumiza. Watafiti wa Stanford 2023 waliijaribu Turnitin, ikaangukia zaidi ya nusu ya insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao, ikasema zimeandikwa na mashine.

#30 Doto Mhadhiri

Utafiti upo, ila Turnitin haikuwemo. Walipima vigunduzi saba vingine, kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo. Matokeo ndiyo hayo uliyosema, zaidi ya nusu zilisingiziwa. Sababu ni kwamba vigunduzi vile vinashuku maneno mepesi na sentensi za kutabirika, na anayejifunza lugha ndivyo anavyoandika. OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walikiondoa kigunduzi chao Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha.

Kwa hiyo wasiwasi wako ni wa haki, Kijana. Rekebisha chanzo tu. (Katika uzi huu hasa!)

#31 Kijana wa Chuno

Nimekamatwa 🙏

#32 Mama Tandahimba

Nimesoma kimya tangu jana, niseme kama mzazi. Mimi ada ya mwanangu inatoka kwenye korosho. Mnada ukichelewa, nakopa. Napalilia, napulizia salfa mpaka macho yanawasha, nimfikishe chuo. Kisha nasikia kumbe kazi yake nzima ni saa moja kwenye kiti cha steshenari.

Sijali mambo ya Ujerumani. Nataka kujua, mwalimu #1, hao wanafunzi 46 unawasoma wote? Maana mwanangu aliniambia: "Mama, hakuna anayezisoma, wanapima uzito wa jalada."

#33 Mkufunzi Kusini

Mama, shikamoo. Swali lako limeniweka uchi. Mwaka huu nimezisoma kwa sababu umeme ulikatika na sikuwa na cha kufanya. Miaka ya nyuma nilikuwa nasoma utangulizi, hitimisho, na kuangalia kama mihuri ipo. Inawezekana kabisa hiyo ya sangara imewahi kupita mikononi mwangu, nikaipa B+.

#34 Bint Mikindani

Sasa tumefika.

#35 Chaki na Vumbi

Nimejiunga leo ili nijibu. Si mimi wa sangara wala wa mabahari, lakini yangu ilikuwa ya folda pia, mwaka juzi.

Mwalimu anauliza kwa nini tunaacha tuliyoyaona. Fomati haina pa kuyaweka. Sura ya kwanza: historia ya shule. Nilimfuata mkuu wa shule, akaniambia faili zililiwa na mchwa. Kipengele kinachofuata: "shughuli za kiuchumi za wakazi". Halafu "changamoto na utatuzi wake", zisipungue tano, na kila changamoto iwe na utatuzi.

Mimi nilikuwa na darasa la pili, watoto 112, chumba kimoja. Kulikuwa na mtoto mmoja alikuwa haandiki kabisa. Wiki ya tano nikagundua anaandika vizuri tu, ila hana kalamu, anasubiri jirani amalize, na jirani akimaliza mimi nimeshafuta ubao. Nikaanza kukata penseli vipande vitatu. Hilo ndilo nililojifunza wiki zote nane. Niliweke kipengele gani? Nilimuuliza mwenzangu, akasema "usiandike habari za penseli, watakuona huna taaluma, chukua hii". Nikachukua hii. Ilikuwa na changamoto saba zenye utatuzi.

Nilipata A.

#36 Mpingo Mweusi

Penseli vipande vitatu. Hilo ndilo gogo.

#37 Babu Chaki

Binti, hiyo ya ubao nimeifanya mimi kwa watoto wangapi, Mungu anajua.

#38 Mzee wa Vifungu

Pole, lakini fomati mbovu si ruhusa ya kuiba. Ungeandika ya penseli ukapata C yako halali.

#39 Dogo Bando

Mzee, kwa C nani anakuajiri?

#40 Steshenari Stendi

Mimi naona lawama zimeshuka kwangu zimepanda kwa mwalimu. Nashukuru. Leo nimeifungua ile folda nikaanza kusoma. Za BTP zipo 61. Kusema kweli zinaweza kuwa sita au saba tu, zilizobaki ni watoto wao. Mkonge niliukuta kwenye 14.

#41 Mwera Halisi

Mkonge Lindi si ajabu, ulikuwepo tangu Wajerumani.

#42 Mkufunzi Kusini

Lindi sawa. Newala hapana. Mimi nilidhani mkonge umetoka huko huko kwenye ripoti mama, ya ziwani.

#43 Mtoto wa Nansio

Habari za huko kusini. Mtu kanitumia uzi huu kwa sababu mmetaja kwetu. Mimi ni wa Ukerewe kabisa. Sangara ndiyo, dagaa ndiyo, machungwa na mihogo mpaka basi. Mashamba ya mkonge Ukerewe hayapo, na babu yangu hajawahi kuyaona. Hiyo ripoti mama yenu nayo ina mama yake.

#44 Nipo Ligula

Jamani. Watu wa Tanga mko wapi? Njooni mmtambue mtoto wenu.